Mwalimu Aliyeuliza Swali Lile Lile

Jumapili ile naikumbuka vizuri, mwanangu. Mume wangu, Mwalimu Leonidas, alisimama mbele ya waumini kutoa matangazo na kuwashukuru waliotuletea ndizi. Alipofika mahali pa kusema, "Mimi na mke wangu," akanitazama, akanyamaza. Jina langu lilikuwa limempotea. Watu walidhani anavuta pumzi. Mimi nilijua ni nini, kwa sababu nyumbani alikuwa ameshasahau mahali pa chumvi, mahali pa funguo, na jina la mjukuu wetu wa kwanza.

"Justina," nilimwambia nikiwa kwenye benchi.

"Justina," akasema, akaendelea na matangazo.

Tulikuwa Muleba, kwenye kijiji kisicho mbali na ziwa, wastaafu wawili. Kwetu ni Kitendaguro, Bukoba. Watoto wetu walipokwisha kuoa na kuolewa, kanisa lilituomba tukakae kwenye mtaa ule ambao haukuwa na mwinjilisti, tutembelee wagonjwa na kufundisha kipaimara. Tulipewa nyumba ya vyumba viwili na kibanja kidogo cha migomba nyuma yake. Ukisikia wazee wamekwenda kwenye utume, usidhani siku nzima ni mahubiri. Sehemu kubwa ni kuchota maji, kumenya ndizi, kumpokea mtu aliyekuja kuomba dawa ya kikohozi, na kutembea kwenda kumwona mgonjwa ambaye ukifika unaambiwa amepata nafuu, ameenda shambani.

Hali ya Mwalimu iliendelea. Siku moja alitoka kwenda kusalimia, chakula cha mchana kikapoa mezani. Bi Hadija ndiye aliyemleta. Huyu alikuwa jirani yetu, mama wa Kiislamu aliyenizidi umri, muuza dagaa, na mtu wa kwanza kutukaribisha pale kijijini. Alimkuta mume wangu amekaa njia panda akisubiri basi la kumpeleka shuleni, shule aliyokuwa akifundisha kabla ya kustaafu.

Habari zikamfikia mchungaji. Alikuwa kijana mwenye adabu, akaja akakaa, akazungusha kikombe cha chai mkononi muda mrefu.

"Mama, tumeongea na wazee wa kanisa," alisema. "Tunaona ni vizuri mrudi Bukoba mkapumzike. Si kwamba tunawafukuza."

Mwalimu alikuwa anasikiliza. Siku hiyo kichwa chake kilikuwa kimetulia.

"Mchungaji, mahubiri yameniponyoka, hilo ni kweli," alisema. "Lakini kukaa na watu bado naweza. Nipe kazi ya kukaa."

Mchungaji akanitazama mimi. Nilimwambia darasa la kipaimara nitalibeba peke yangu, na Mwalimu hatatembea tena bila mtu. Akakubali tujaribu hadi Krismasi.

Basi akawa anakaa kwenye benchi mbele ya nyumba, amevaa koti lake, na sahani ya kahawa ya kutafuna pembeni. Mwanzoni watu walisimama kwa heshima tu, wakasalimia, wakapita. Baadaye wakaanza kukaa. Kijiji kilikuwa kimegundua kwamba ukimweleza Mwalimu jambo lako, halifiki kwa mtu mwingine. Hata yeye mwenyewe kesho yake hana habari nalo.

Mmoja wao alikuwa Adelina, mkulima wa kahawa, mwanamke wa makamo anayeongea kwa sauti ya chini. Ameniruhusu nikusimulie. Alikuwa na mdogo wake, Eliza, anayeishi mjini Bukoba, mtaa wa Bilele. Mama yao alipougua, Adelina alimuuguza peke yake mpaka mwisho. Eliza alifika baada ya mazishi, watu wakiwa bado uani. Adelina akamwambia mbele yao wote, "Umekuja kuangalia kibanja cha urithi." Eliza akageuka na mkoba wake, akarudi Bukoba. Tangu siku hiyo hawakuwa wakisemezana.

Adelina alimweleza Mwalimu habari hiyo yote, tangu ugonjwa wa mama hadi ule mkoba. Mwalimu alisikiliza bila kumkatiza, kisha akauliza, "Alichelewa kwa nini?"

"Sijui. Sikumwuliza."

Juma lililofuata akaja tena. Mwalimu hakumkumbuka. Akamkaribisha kama mgeni, akamsikiliza toka mwanzo, na alipomaliza akauliza, "Alichelewa kwa nini?"

"Sikumwuliza."

Ikawa hivyo majuma mengi. Mimi nilikuwa ndani nikimenya ndizi, dirisha liko wazi, nasikia. Na lazima nikueleze kwamba Mwalimu niliyeolewa naye hakuwa hivyo. Ujanani alikuwa mtu wa "fupisha." Nilikuwa bibi harusi mdogo, nikimsimulia ya sokoni ananijibu, "Hilo uliniambia jana." Na kweli nilikuwa nimemwambia. Nikazoea kuyapeleka maneno yangu kwa dada zangu, naye nikambakizia habari za chakula na ada za watoto. Tuliishi vizuri. Lakini kuna vyumba ndani yangu ambavyo hakuwahi kuingia.

Siku moja nilichoka. Adelina ndiyo kwanza ameanza, nami nikainuka na kisu changu nitoke nikaseme, "Mwalimu, huyu ameshakueleza." Bi Hadija alikuwa jikoni kwangu. Akanishika gauni.

"Kaa chini, Justina."

"Anarudia yale yale, Bi Hadija. Na Mwalimu naye hakumbuki kitu."

"Wewe unataka mumeo akumbuke. Yule mwanamke hakuja kukumbukwa, amekuja kusikilizwa. Ulimsikia nani mwingine hapa kijijini akimwuliza swali hilo? Sisi wote tulikuwa uani siku ile. Tulishamhukumu yule mdogo mtu kabla hajafika barabarani. Mwache Mwalimu afanye kazi yake."

Nikakaa. Nje, Adelina alikuwa amefika kwenye mkoba. Mwalimu akauliza, "Alichelewa kwa nini?"

Safari hiyo nilichungulia. Adelina alikuwa ameinama, simu iko mkononi. Kisha akaondoka bila kuaga, akaenda kusimama kwenye migomba yetu, akampigia mdogo wake.

Baadaye ndipo tulipojua. Siku za msiba ule Eliza alikuwa amelazwa hospitalini, mimba imetoka, mimba aliyoisubiri miaka mingi. Alimkataza mumewe asiseme, ili asiwaongezee watu msiba juu ya msiba. Aliporuhusiwa, akapanda gari kwenda kumlilia mama yake, akapokewa kwa maneno yale.

Walikuja kwetu pamoja, Adelina na Eliza, wamebeba mkungu wa ndizi na samaki wa kukaushwa. Mwalimu aliwakaribisha wote wawili kama wageni.

"Ninyi ni ndugu?" akauliza.

"Ndiyo, Mwalimu," Adelina alisema.

"Mnafanana."

Eliza akaanza kulia, na dada yake akamvuta begani. Mwalimu akawasogezea sahani ya kahawa.

Krismasi ilipopita tulirudi Kitendaguro. Mwalimu alifariki masika yaliyofuata, nyumbani, akiwa amelala. Mchungaji alikuja, na wale ndugu wawili walikuja kwa gari moja, wakashinda jikoni na watu wangu mpaka tulipomaliza matanga.

Mwanangu, nimezeeka na sina mengi ya kukuachia. Mtu wako akikusimulia jambo ulilokwisha kulisikia, mwache alimalize. Pengine bado hajafika mwisho wake mwenyewe. Usimwambie "umeshasema." Muulize, na umuulize kwa kutaka kujua. Na kabla hujamtamkia ndugu yako neno zito mbele za watu, mwulize kwanza ametoka wapi. Usingoje mpaka kichwa kikuishie ndipo ujifunze upole huu. Anza sasa, ukiwa na akili zako zote.

Mungu akujalie nyumba ambayo watu wake wanamaliza sentensi zao. Akutunze barabarani na kitandani, wewe na wale utakaozeeka nao. Amina.