Wimbo wa Kusagia
Nikinusa unga wa wimbi ukitoka mashineni, namkumbuka nyanya, magoti chini, akisaga kwa jiwe lake. Mwalimu wetu wa Kigusii alikuwa ametutuma tulete wimbo mmoja wa nyumbani, tuuandike. Shule sikukaa sana, lakini wimbo wake wa kusagia nyanya aliniimbia hadi nikaushika. Kumbe wenzangu walileta nyimbo za kanisa. Zamu yangu ilipofika niliona haya, nikasema sina.

“Kwani kwenu hakuna nyanya?” mwalimu akauliza. Darasa likacheka.

Jioni nyanya akanitania kama kawaida yake, “Mume wangu, mwalimu alisemaje?”

“Aliupenda.”

Akaacha kusaga, akapangusa mikono. “Basi kaa, nikupe mwingine.”

Nikamwambia nyanya kwamba mwalimu amesema mmoja unatosha.