Kitindamimba wa Marubani

Kati ya marubani arobaini na mmoja wa kampuni ile, yeye ndiye aliyeajiriwa mwisho, basi wenzake wakambandika jina la Kitindamimba. Hakuchukia. Nyumbani kwao alikuwa kifungua mimba, amelea wadogo wanne; kudekezwa kidogo kazini aliona ni haki yake.

Alikuwa na miezi saba tu katika kiti cha rubani msaidizi vita vilipozuka baina ya nchi mbili za mbali, nchi ambazo hajawahi kuzikanyaga, amezipita tu kwa juu na kikombe cha chai mkononi. Anga la huko likafungwa. Safari ya saa sita ikawa ya saa tisa kwa kuzunguka, mafuta yakapanda bei, abiria wakapungua, na ndege tatu zikaegeshwa nyuma ya karakana, injini zimefunikwa.

"Vita vya panzi, furaha ya kunguru," alisema baba yake, fundi wa matairi, aliposikia habari redioni.

"Safari hii, baba, hata kunguru kafungiwa anga."

Baba akacheka, kisha akainamia tena tairi lake. Wote wawili walijua kuwa wa mwisho kuingia ndiye wa kwanza kutoka.

Jumatatu tangazo likabandikwa: marubani ishirini wataachishwa. Jina lake lilikuwa chini kabisa. Jioni ile aliikunja sare yake akaiweka mezani, tayari kuirudisha.

Alhamisi waliitwa mkutanoni, chumba cha mapumziko. Kabla meneja hajafika mbali na maelezo yake, alisimama kapteni mmoja waliyemwita Taratibu, kwa jinsi alivyoiendesha ndege ardhini kama aliyebeba mayai. Kwenye orodha ya ukongwe kazini alikuwa wa pili kutoka juu. Kalamu ya meneja isingemfikia hata vita vidumu miaka kumi.

"Mimi niliachishwa nikiwa na umri wa huyu binti," alisema. "Vilikuwa vita vingine, mahali pengine. Nikauza miwani miaka sita. Leseni ikalala, mikono ikasahau. Kurudi nilirudi kwa mbinde. Tugawane safari jamani. Kila mtu aruke nusu mwezi."

"Na mshahara?" mmoja akauliza.

"Nusu pia. Kwani tumbo lako lina injini ngapi?"

Watu walicheka, lakini hawakukubali siku hiyo. Walibishana wiki nzima, na wawili wakaenda kutafuta kazi ng'ambo. Hatimaye ikapigwa kura, mikono ikanyanyuka mingi kuliko iliyobaki chini. Kitindamimba aliona haya kujipigia kura mwenyewe. Taratibu akamgusa kiwiko.

"Nyanyua, mwanangu. Nawe ni rubani."

Kwa miezi kumi na minne aliruka nusu mwezi, na nusu nyingine akafundisha hesabu shule ya sekondari iliyo jirani na gereji ya baba. Somo la pembe likiwashinda wanafunzi, aliwachorea ndege ikiizunguka nchi yenye vita, wakakokotoa wenyewe mafuta ya ziada. Maisha yalibana, lakini leseni haikulala. Kila asubuhi ya kwenda uwanjani aliwaombea wenzake mmoja mmoja kwa majina, hata yule wa mshahara.

Vita havikuisha. Ila njia nyingine ilipatikana, fupi kidogo, na ndege mbili zikarudishwa kazini. Mwezi huohuo Taratibu alistaafu, na ratiba ikamweka Kitindamimba kando yake katika safari ya mwisho. Walitua asubuhi, mvua imetoka kukatika. Maneno ya shukrani alikuwa ameyapanga siku tatu.

"Kapteni, mimi nilitaka..."

"Tuegeshe kwanza."

Wakaegesha. Injini zikazimwa, abiria wakashuka.

"Haya, sema."

"Ahsante, baba," akasema tu.

Mzee aliinamisha kichwa, akavaa kofia yake. "Nimepokea. Sasa nisindikize. Mke wangu yuko pale nje, na ana hamu ya kumjua aliyemfanya akae na mume ndani nusu mwezi, mwaka mzima na ushei."

Kitindamimba akafuta macho, akamchukulia mkoba, wakashuka ngazi wakicheka.