Fundi Kesho na Sindano Tano

Mtaani walimwita Fundi Kesho, na hakuna aliyehitaji kuuliza sababu. Kushona alijua, suruali aliyoikata yeye ilimkaa mtu kana kwamba amezaliwa nayo. Ila ukimuuliza itakuwa tayari lini, hakuinua hata macho kwenye cherehani. "Njoo kesho." Kesho ukifika, unakikuta kitambaa chako ndani ya mfuko ule ule, na fundo ni lile ulilofunga mwenyewe.

Asubuhi moja alimwona kwa mbali mama mmoja wa bwana harusi, aliyekuwa akimdai gauni lake, akija, mwendo wake wa mtu aliyechoka kuzungushwa. Fundi hakungoja salamu. Akachomoka kwa mlango wa nyuma, akaruka kiukuta cha jirani na kutua kando ya mbwa asiyejulikana wa nani, aliyekuwa amejilaza kivulini. Mbwa hakubweka. Alimng'ata shavu la mguu, akaachia, akaondoka akiyumbayumba.

Hakuwa na pengine pa kukimbilia. Fundi akarudi dukani akichechemea, damu imelowesha soksi, na mama wa bwana harusi tayari kakaa kwenye benchi.

"Umeng'atwa na nini?"

"Mbwa, mama. Kamkwaruzo tu."

"Habari za gauni tutaongea baadaye. Lete huo mguu."

Akamkalisha bombani, akamsugua kidonda kwa sabuni na maji mengi, robo saa nzima kwa saa yake ya mkononi, huku fundi akilalamika kwamba hata shati halifuliwi hivyo. Kisha akamsindikiza mwenyewe hadi zahanati, labda kwa huruma, labda kwa kuogopa asimpotee tena.

Nesi wa chumba cha sindano alikuwa mwanamke mfupi, miwani yake imening'inia shingoni kwa uzi. Alimchoma dawa ya kuzuia kichaa cha mbwa kuzunguka kidonda, akamchoma na begani, kisha akamwandikia kadi.

"Ya kwanza ndiyo hii ya leo. Utarudi siku ya tatu, ya saba, ya kumi na nne na ya ishirini na nane. Jumla tano."

"Na kidonda kikipona kabla?"

"Kidonda ni mlango tu, fundi. Ukifunga mlango, mwizi aliyekwisha kuingia hatoki."

Siku ya tatu alikwenda. Siku ya saba mguu ulikuwa mkavu, shule zilikaribia kufunguliwa, na sare zilikuwa zimerundikana hadi dirishani. Akajiahirisha mwenyewe kama alivyowaahirisha wateja. Ya nane nayo ikapita.

"Baba watoto," mkewe akamwambia wakinywa chai, "kadi inasema ilikuwa juzi."

"Nimeiona."

"Kuiona siyo kuchomwa."

Fundi akasema kazi zimembana. Ukweli ni kwamba aliogopa sindano. Mtu aliyeishi na sindano miaka ishirini, anayebana pini midomoni huku anapiga soga, begani mwake hakutaka kuziona. Mkewe alilijua hilo, lakini alimsitiri.

Nesi alipiga simu mara tatu. Haikupokelewa, kwa sababu kwa fundi namba ngeni ni mteja tu, na mteja ni lawama. Basi siku hiyo hiyo ya tisa, alasiri, nesi akaja mwenyewe na kuketi kwenye benchi katikati ya wanawake wawili waliofuatilia sare za watoto wao.

"Sikuja kushonesha," akasema.

"Najua, sista. Nitakuja kesho."

Wale wanawake wakaangua kicheko. Nesi hakucheka. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitenge chake.

"Fundi, gauni likichelewa mtu atavaa la mwaka jana. Ugonjwa huu ukishaanza kujionyesha, mimi sina cha kukupa. Nimewahi kukaa na mgonjwa wake. Nilimshika mkono, basi. Ndicho kilichokuwa kimebaki."

Cherehani ikanyamaza. Fundi akautazama mguu wake uliopona vizuri, na kwa mara ya kwanza uzuri ule ukamtia wasiwasi.

"Siku mbili zimepita," akasema kwa sauti ya chini. "Itabidi nianze upya?"

"Hapana. Unaendelea pale ulipoishia. Lakini ni leo."

Akavua futi shingoni, akawaachia wateja duka, akamfuata nesi nyuma nyuma kama mtu anayepelekwa kwa wakwe kujieleza. Chumbani alifumba macho hadi kope zikatetemeka.

"Fumbua, baba. Nilishamaliza."

Nesi akamrekebishia tarehe mbili zilizobaki. Fundi akaziandika ukutani juu ya cherehani kwa chaki yake ya kuchoria vitambaa, kwa herufi kubwa, na wateja wakapata la kumtania: hatimaye kuna tarehe humu ndani. Ya nne aliiwahi hata kabla zahanati haijafunguliwa.

Asubuhi ya sindano ya mwisho, mwashi mmoja jirani alikuja kupimwa suruali. Fundi alipoinama kumpima urefu wa mguu, akakuta kitambaa kimefungwa juu ya kifundo.

"Nini hiki?"

"Mbwa wa kule tunakojenga. Juzi. Nimekipaka mafuta ya taa, kitakauka chenyewe."

"Ulikiosha?"

"Kaka, pima suruali."

Fundi akasimama, akakunja futi na kuitia mfukoni.

"Sipimi. Mguu huu kwanza uoshwe, halafu tutoke wote. Mimi nina ya tano, wewe una ya kwanza."

Mwashi akajaribu kucheka, akaona mwenzake hacheki. Akakaa chini ya bomba, akasuguliwa kwa sabuni hadi akaomba radhi kwa makosa ambayo hakuyafanya.

"Inauma?" mwashi akauliza walipofika kwenye ngazi za zahanati.

Fundi akafikiria kumdanganya.

"Ile ya kuzunguka kidonda inauma sana," akasema. "Nitakushika bega. Ila usinitazame usoni, nitakuwa nimefumba macho."