Nshatumwa

Kutoka kwetu mpaka sokoni Darajani ni pale tu. Zamani nilikuwa nikikaa kwenye mbuzi kukuna nazi, na kabla nazi haijesha binti yangu ashaingia na samaki. Mwaka mmoja akaanza kuchelewa. Nazi nakuna, tui nachuja, wali unaiva, samaki hawaonekani. Akija, jasho linamtoka na samaki washaanza kulegea.

"Ulikuwa wapi?"

"Nimepita njia ya mbali, mama."

"Huko mbali kuna nini?"

"Hakuna kitu."

Nikamgombeza kidogo, yakesha. Umri wake miaka tisa. Nikadhani anakwenda kutazama vitambaa madukani.

Wakati huo na mimi nilikuwa mwanafunzi. Baada ya Mapinduzi yalifunguliwa madarasa ya watu wazima, nasi wanawake wa mtaani tukawa tunakwenda jioni, tukishasali alasiri. Kurani nilikuwa nshahitimu toka mdogo, lakini herufi za kizungu zilikuwa zikinikimbia. Mwalimu wetu alikuwa msichana wa papa hapa mjini, aliyekwenda kusoma bara akarudi na kitu kinaitwa elimu ya nafsi. Siku ya kwanza mwenzetu mmoja, mpika maandazi, akamwuliza:

"Yaani mwanangu umesomea wazimu?"

"Nimesomea watu wazima, bibi, na watoto."

"Wazima, wazimu, mbona herufi moja tu!"

Mwalimu alicheka mpaka akashika ubao. Toka siku hiyo tukampenda.

Kutusomesha ilikuwa nusu ya kazi yake. Nusu ya pili ilikuwa utafiti: alitaka kujua vipi watoto watakingwa na watu wanaowadhuru. "Watu huuliza mtoto akishaumia," alisema. "Mimi nataka tuulize kabla." Basi jioni moja akaweka chaki chini.

"Mtoto akiitwa na mtu mzima, anasema nini?"

"Naam!" tukajibu wote kwa pamoja, kama watoto wa chuo cha Kurani.

"Kisha?"

"Kisha anakwenda, anatumwa."

"Na kama hataki kwenda, kwa kuwa anamwogopa huyo aliyemwita, anasema nini?"

Mpika maandazi akasema, "Anasema naam kwa sauti ndogo." Tukacheka, halafu kicheko kikatufia mdomoni. Maana kweli, jibu jingine hatukuwa nalo. Watoto wetu tumewafunza kuitika, kuamkia, kupokea kwa mkono wa kulia. Hili la kukataa hatukuwafunza.

Nilirudi nyumbani na swali lile. Binti yangu alikuwa anachagua mchele. Nikakaa karibu yake nikamwuliza vile vile kama mwalimu alivyotuuliza. Akainamisha kichwa.

"Nilisema uongo, mama."

Nikamwambia aseme tu, sitamgombeza. Akasema. Mtaa wa nyuma, kwenye njia fupi ya sokoni, kuna bwana mmoja, mtu wa kuheshimiwa, kila asubuhi anakaa mlangoni kwake. Alimtuma sigara, kisha akamwambia ampelekee juu. Alipofika juu yule bwana akatia komeo, akamwambia akae ale halua.

"Nikamwambia nshatumwa, bibi ananingoja nyumbani. Akafungua, nikakimbia. Lakini bibi hakunituma, nilikuwa nakwenda kucheza. Mama, nitaingia motoni?"

Nikamkumbatia, nikamwuliza kama yule bwana alimgusa. Hakumgusa. Nikamshukuru Mungu kwa sauti.

"Huingii motoni. Mungu ndiye aliyekutia neno hilo kinywani."

"Lakini nikilisema tena?"

Hapo ndipo mtoto aliponishinda. Mimi ndiye niliyemlea auogope uongo, sasa nimfunze kusema uongo? Na neno lenyewe lilikuwa zuri. Kwetu mtoto aliyekwisha kutumwa hatumwi tena njiani mpaka arudi, na mwenye kumzuia ndiye asiye na adabu. Nikasali nalo, nikalala nalo. Asubuhi nikamsimamisha mlangoni.

"Nnakutuma."

"Wapi, mama?"

"Popote unapokwenda, nnakutuma urudi nyumbani salama. Hiyo ndiyo kazi yako ya kwanza. Akikuita mtu na moyo wako hautaki, mwambie nshatumwa. Itakuwa kweli tupu."

Jioni nikalisema darasani, bila ya kumtaja mtoto. Mwalimu akaziba mdomo kwa mkono wenye chaki, midomo ikabaki myeupe. Akaomba ruhusa alichukue neno letu kwenye madarasa mengine, mpaka Nungwi. Sisi tukalitia majumbani, na majuma yaliyofuata tulikoma. Mpika maandazi alilia kwamba watoto wake hawatumiki tena. Wangu nilimwita aoshe masufuria:

"Nshatumwa!"

"Na nani?"

"Na wewe, asubuhi. Mguu mmoja bado uko nje."

Mama mkwe wangu, huyo bibi yake mtoto tuliyekaa naye, hakucheka. "Mnawafunza watoto jeuri. Watu watasema hatukumlea." Basi nikafunga mlango nikamweleza yote. Alikuwa akikunja tambuu ya kutafuna, akaendelea kuikunja taratibu. Nikamwambia kwamba mume wangu anataka kwenda kumvunja yule bwana meno.

"Asende," alisema. "Mji mzima utamsema mtoto, yule bwana wataacha kumsema. Kesho mpitishe njia fupi."

Asubuhi nikamtuma mtoto Darajani kwa njia fupi. Mimi nikafuata nyuma, nimejifunika buibui. Mama mkwe alikuwa ametangulia. Nilimkuta amekaa kwenye baraza ya shoga yake, mkabala na mlango wa yule bwana, tambuu shavuni.

"We mtoto, hebu njoo nikutume," yule bwana akaita.

"Naam. Nshatumwa." Sauti haikuwa ndogo.

"Umetumwa na nani, hata usimsikilize mtu mzima?"

"Na mimi!" Mama mkwe sikupata kumsikia akipaza sauti hata siku moja. Madirisha ya juu yakafunguka. "Kama ni sigara, miguu unayo, kanunue mwenyewe. Na mtoto yeyote atakayepita hapa, wa nyumba yoyote, jua katumwa na mimi!"

Yule bwana alitazama juu kwenye madirisha. Akaingia ndani, akafunga. Mama mkwe akatema tambuu yake pembeni, akamwambia mtoto, "Haya nenda, samaki wataisha."

Toka siku hiyo baraza ile ikawa yake kila asubuhi, na mashoga wakamfuata. Kiti cha yule bwana mlangoni hakikuonekana tena.

Kesho yake sikumfuata mtoto. Nilikaa kwenye mbuzi, nakuna huku nasoma dua, masikio yako mlangoni. Nazi haijafika nusu, pakacha likatua karibu yangu, samaki wabichi bado, macho yanang'ara.

"Nsharudi, mama."