Makopo Themanini na Matatu ya Mzee Lakhdar

Baba yangu alisahau jina langu mwezi wa tatu. Majina ya makopo yake themanini na matatu hakusahau hata moja.

Sitanii. Na mimi ni mtu wa utani, kwa hiyo nikisema sitanii, nielewe.

Tunakaa milimani, juu ya mji wa Setif. Chini garaji, juu ndiyo tunalala. Baba, mzee Lakhdar, alikuwa fundi wa malori miaka arobaini. Alipostaafu, kazi ikamfuata nyumbani.

Ukuta mzima wa garaji ni makopo. Ya samli, ya kahawa, ya nyanya, ya maziwa ya unga. Ndani yake boliti, nati, washa, springi za magari ambayo hata kwenye makaburi ya magari huyakuti.

Lebo hamna. Kila kopo linaitwa kwa jina la aliyelileta.

Kwetu mtu akikuletea kitu ndani ya kopo, unakila, halafu unamrudishia kopo na kitu kingine ndani. Likirudi tupu ni aibu. Yale ambayo wenyewe walisema "kaa nalo" ndiyo yaliishia kwa baba.

Akisema "nipe Zubida," anataka boliti za namba kumi. Zubida ni shangazi yangu. Akisema "lete Haji Tayeb," anataka nati zilizolika, maana Haji Tayeb tuligombana naye maji ya bustani.

Mimi sikuwa na kopo. Siku moja nikamuuliza kwa nini.

"Wewe umeleta nini humu ndani?" akasema.

Haki yake. Uinjinia niliuacha mwaka wa tatu. Nilirudi na begi la nguo chafu na kopo la mama, lile alilonijazia unga wa ngano ya kukaanga nikienda chuo. Tupu. Mama alilichungulia, akaniambia hata vumbi sikuwaletea.

Basi nikataka kuonyesha kwamba nimesoma. Nikaandika orodha ya makopo yote kwenye kompyuta, kopo kwa kopo. Baba akaitazama weee, halafu akasema hiyo mashine haimjui Zubida.

Iliniuma.

Kesho yake, Ramadhani, saa kumi jioni, yeye kalala anasubiri futari. Nikashuka. Nikahamisha vitu vya makopo kumi, vya huyu kwa yule, vya yule kwa huyu. Nikakaa nisubiri kelele.

Baba akashuka. Akafungua kopo moja. Akafungua la pili. Akafunga. Akapanda juu kunywa supu.

Hakusema neno. Siku ile, mwezi ule, miaka mitatu.

Utani usiochekwa wala kukasirikiwa unachosha kuliko zege.

Halafu kichwa chake kikaanza kuondoka. Na figo za mama nazo zikagoma. Jumamosi, Jumatatu, Jumatano, lazima awe kwenye mashine ya kusafisha damu saa moja asubuhi, kilomita sitini. Dereva mimi. Gari Pijo 404 ya baba, pikapu, linanizidi umri kwa miaka kumi na tano.

Nikimrudisha mama, namwogesha baba. Nikimwogesha baba, ananiuliza mimi wa kwa nani. Namjibu. Baada ya chai ananiuliza tena.

Ijumaa moja baada ya swala, gari likagoma kuwaka. Nikafungua pampu ya petroli. Kiwambo cha mpira cha ndani kimepasuka.

Nikapiga simu madukani. Mmoja kafunga. Mwingine akasema kitatoka mji mkuu, Jumanne. Jirani mwenye gari kaenda harusini Bejaia. Teksi za kwetu haziondoki kabla ya saa tatu, na ile mashine haisubiri mtu. Mama alikuwa ameshavimba miguu. Akaniambia nisihangaike, atavumilia. Akili yangu ikaniambia hatavumilia huyu.

Kwenye orodha yangu ya kompyuta, kiwambo cha akiba kilikuwemo, kwenye kopo la Zubida, chini ya boliti.

Nikafungua Zubida. Fyuzi.

Hapo ndipo nilipokumbuka ujinga wangu. Na nilikihamishia wapi, sikukumbuka. Nikaanza moja moja. Kopo la ishirini, hamna. La sitini, hamna. La themanini na tatu, hamna. Nikakaa chini kwenye sakafu yenye grisi.

Baba alikuwa kwenye stuli yake ya tairi, ananitazama kama mteja.

"Unatafuta nini, kijana?"

"Kiwambo cha pampu, mzee."

"Gari gani?"

"Mia nne na nne."

"Hicho kipo kwa Nadhir."

Nadhir ni mimi.

Nikamwambia hakuna kopo la Nadhir, nimeyafungua yote. Akanyoosha kidole nyuma ya pipa la oili chafu, chini kabisa. Nikavuta pipa.

Kopo la mama. Lile la unga, lile nililorudi nalo kutoka chuo.

Lilikuwa zito. Ndani, vifurushi kumi vya kitambaa safi. Kimoja kutoka kila kopo nililochezea. Vile adimu, visivyopatikana popote. Kiwambo kilikuwa juu, kimepakwa poda kisikauke.

Nikajikaza. "Mzee, huyo Nadhir ni nani?"

"Mwanangu. Mkono wake hautulii. Alinivuruga makopo yangu."

"Sasa mbona ukamwekea yeye vitu vya maana?"

"Kitu usichotaka kiibwe, kaweke kwa mwizi." Akacheka peke yake. Halafu akaacha. "Na lile kopo alilileta tupu. Chombo hakikai kitupu kwangu."

Nikamnyooshea kiwambo.

Akaniomba bisibisi. Kiwambo alikifunga mwenyewe. Kichwa hakimjui mwanawe, lakini vile vidole havikukosea skrubu hata moja. Gari likawaka mara ya pili.

Jumamosi saa moja kasoro mama alikuwa kwenye kiti chake, kafungwa mashine, ananikoromea kwamba nimeendesha kama mgonjwa ni mimi.

Tuliporudi, baba alikuwa mlangoni. Akaniuliza mimi wa kwa nani.

"Naitwa Nadhir."

Akafikiri kidogo.

"Jina zuri," akasema. "Nina kopo linaloitwa hivyo."

Funzo, kwa wanaopenda funzo. Vitu vya mzee usivivuruge, maana siku utakayovihitaji utavitafuta wewe mwenyewe. Na kama umerudi nyumbani mikono mitupu, usikatupe kale kakopo kako kwa aibu. Kaache mlangoni. Pengine yupo anayekajaza kimyakimya, na wewe unadhani amekununia.