Pikapu Iliyopimwa kwa Ng'ombe

Siku ya kwanza niliyofika kwa wakwe zangu watarajiwa, nilifika nikivutwa na ng'ombe wao wa jembe. Mimi nilikuwa nimeshika usukani, nimevaa tai, na baba yangu mdogo ameketi kando yangu akitazama mbele kama mtu asiyenifahamu. Mzee mwenyewe wa boma alikuwa amesimama langoni. Alingoja tupite, kisha akawaambia jirani zake kwa sauti ya kutosha: "Watu wengine huleta ng'ombe. Huyu, ng'ombe wetu ndio wamemleta."

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya themanini. Nilikuwa karani wa ghala mjini Kisumu, na nilikuwa nimenunua pikapu iliyotumika, ya aina inayosukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake. Kwenye lami ya mjini ilikuwa gari kamili. Kwa wakwe, mbele ya soko la Pap Onditi, ilikuwa kama kiatu cha ofisini kwenye shamba la mpunga. Nchi ile ni tambarare ya udongo mweusi. Wakati wa kiangazi hupasuka nyufa za kumeza mguu wa mbuzi. Mvua ikinyesha hugeuka uji. Jiwe hulioni. Mama anayetaka jiwe la kusagia huagiza kutoka milimani.

Jioni ile ng'ombe walituvuta tena hadi barabarani, maana mkwe halali ukweni, hata mvua inyeshe mawe. Baada ya wiki moja mchumba wangu, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi pale mjini, aliniletea ujumbe wa baba yake. Ng'ombe wa maziwa tuliyekuwa tumemwahidi mama yake aletwe mwezi wa Aprili. Asitembezwe kwa miguu, kwa kuwa ana mimba. Aletwe na hilo gari. Na gari lije lenyewe na lirudi lenyewe. Likivutwa tena, mazungumzo yote ya ndoa yangoje kiangazi.

"Aprili?" nikauliza. "Mvua ikiwa juu kabisa?"

"Amechagua mwenyewe."

"Kwa hiyo amekataa."

"Baba hajakataa," akasema. "Baba anacheka. Lakini namjua. Akicheka muda mrefu, husahau kukubali."

Ndipo nilipompelekea pikapu fundi mmoja aliyekuwa na banda la mabati karibu na soko la Kibuye. Alikuwa Mwislamu wa mtaa wa Kaloleni. Babu yake alitoka pwani na bibi yake alikuwa wa hapa hapa, kwa hiyo alitukana gari kwa Kiswahili kizuri na kulibembeleza kwa Dholuo, lugha yetu. Alilizunguka mara mbili, akainama, akagonga tumbo lake kwa spana.

"Bwana karani, hili limezaliwa likiwa fupi. Unataka nilifanye nini?"

"Lipite kwenye tope."

"Tope la wapi?"

Nilipotaja, alinyanyuka na kupangusa mikono. "Hilo si tope, hiyo ni gundi. Haya. Utabeba nini?"

"Ng'ombe."

"Mmoja?"

"Mmoja. Ana mimba."

"Basi wawili," akasema, akaanza kazi.

Ilichukua Jumamosi tano, na mimi nilikuwa pale kila moja, kwa sababu nilipenda kuona kitu kikibadilika mbele yangu. Kwanza aliinua nyuma. Alifungua springi akaongeza vyuma vitatu vinene alivyotoa kwenye lori lililokufa, kisha akaweka kipande cha chuma kati ya springi na ekseli, akafunga kwa bolti ndefu alizopinda mwenyewe motoni. Akaja mbele akainua hivyo hivyo, kidogo kidogo, akipima kwa vidole vilivyofungwa, vinne kila upande. Chini ya injini alifunga bamba alilolikata kwenye pipa la mafuta, ili tumbo liteleze juu ya tope badala ya kulima. Bomba la moshi akalipandisha nyuma ya kibanda cha dereva likatazama juu kama shingo ya korongo. Tairi zilikuwa za meno makubwa, zilizokwisha kulimia mashamba ya miwa.

Jumamosi ya nne alifungua difu, ile tufe ya chuma katikati ya ekseli ya nyuma, akaniita nichungulie.

"Gari lako ni jinga," akasema. "Gurudumu moja likiteleza, hili difu linalipa hilo linaloteleza nguvu zote. Lile lililo pakavu linasimama tu, linatazama. Ni kama kumpa chakula mtu anayekitupa."

"Dawa yake?"

"Tunawafunga ndoa." Akashusha miwani yake myeusi na kuzichomelea gia za ndani, zikawa kitu kimoja. Tangu siku ile magurudumu yote mawili ya nyuma yalizunguka pamoja, yapende yasipende. Kwenye tope hiyo ni baraka. Kwenye mzunguko wa barabara mjini, tairi zililia hata watu wakageuka kutafuta aliyegongwa.

Jumamosi ya tano tulilijaribu ufuoni, mahali magari yalipokuwa yakioshwa ziwani. Fundi alipakia magunia mawili ya mchanga nyuma, nami nikapita kwenye matope ya kiboko, nikarudi, nikapita tena. Wauza samaki walisimama kutazama. Fundi hakupiga makofi. Alikuja dirishani.

"Sikiliza vizuri. Springi hizi nimezipima kwa ng'ombe. Bila mzigo, nyuma itasimama juu kama mbuzi aliyekataa kufungwa, na tairi hazitashika kitu. Kwenda una ng'ombe. Kurudi una nini?"

Nilikuwa sijafikiria kurudi.

"Chukua haya magunia ya mchanga," akasema. "Ng'ombe akishuka, yasukume yakae juu ya difu kabisa."

Nilikubali, na pengine hadithi ingeishia hapo. Lakini siku ya safari baba yangu mdogo alifika kwangu alfajiri kwa lori kutoka nyumbani Kombewa na ng'ombe, mwekundu, mpole, na jambo la kwanza aliloliona nyuma ya pikapu ni magunia.

"Hii ni nini?"

"Mchanga, Baba. Uzito wa kurudia."

Alinitazama kwa huruma. "Wewe umesoma mpaka umeharibika. Tutaingia boma la watu siku ya zawadi, gari liko na magunia mawili. Wamama wataona. Watasema, mkwe ameleta mahindi, au sukari. Halafu tunaondoka nayo! Kitu ikiingia ukweni siku ya zawadi, hairudi. Unataka tuambiwe tulileta sukari tukainyang'anya?"

"Tutawaambia ni mchanga."

"Eh! Hiyo ndiyo mbaya zaidi. Orwa ametuletea mchanga."

"Orwa" kwa lugha yetu maana yake ni "mkwe wetu". Nilijiona nikiitwa hivyo maisha yangu yote, Orwa wa Mchanga, nikashusha magunia.

Kwenda kulikuwa raha tupu. Tulivuka Ahero, tukaacha lami, tukapita Pap Onditi, na barabara ilipokwisha nikaingia topeni kama mtu aingiaye nyumbani kwake. Ng'ombe alisimama nyuma ameinamisha kichwa, uzito wake wote umekaa juu ya difu, na tairi ziliuma ardhi na kuitema. Tulipita pale niliposimama mara ya kwanza. Baba yangu mdogo, ambaye huwa hasifu kitu akiwa amekipanda, alisema, "Hm." Tuliingia langoni kwa nguvu zetu wenyewe, moshi ukitoka juu ya vichwa vyetu.

Mzee alikuwa pale pale. Alichuchumaa akatazama tumbo la pikapu, akapitisha fimbo yake chini bila kugusa kitu.

"Imeota miguu," akasema.

Ng'ombe alishushwa, akasifiwa. Mama mkwe sikumwona, wala sikutakiwa kumwona. Kwetu mkwe na mama wa binti hawatazamani ana kwa ana, na katika hatua ile hata kivuli chake nilikikwepa. Nilimsikia tu kutoka jikoni, sauti nzito yenye kicheko ndani yake, akiuliza kama ng'ombe ana chuchu zote nne. Tuliletewa kuku na kuon, yaani ugali, wa kutosha watu kumi. Na tulipokuwa tukila, mvua ilikuja kutoka upande wa ziwa ikanyesha saa moja nzima.

Ilipokatika, jua lilikuwa limebaki kama mkono mmoja juu ya upeo. Tuliaga. Niliwasha, nikaondoa, na pikapu ikaenda hatua kumi hivi mpaka kwenye dimbwi la langoni. Hapo nyuma ikainuka, nyepesi, ikaanza kuchezacheza. Magurudumu yote mawili, mume na mke, yakazunguka pamoja bila kushika chochote, yakasiliba tope kwenye ukuta wa jikoni. Nilizima.

Vijana wa boma walikuja mbio kusukuma. Mzee akainua fimbo.

"Hapana. Tulisema lirudi lenyewe."

"Mzee, ni langoni tu," nikasema.

"Langoni ni kwangu."

Baba yangu mdogo alinivuta kando. Tungeweza kutembea mpaka Pap Onditi kabla ya giza, akanong'ona, lakini gari lingebaki. "Na gari lako likilala ukweni, wewe umelala au hujalala? Hilo sijawahi kusikia likiamuliwa." Nilitazama pande zote nikitafuta jiwe la kupakia. Nimeshasema juu ya mawe. Maghala ya nafaka yalikuwa matupu, maana mbegu ndiyo kwanza ilikuwa shambani. Magunia yangu ya mchanga yalikuwa Kisumu, yamekaa vizuri mlangoni kwangu.

Nilimweleza mzee ukweli wote: springi, ng'ombe, mchanga, na jinsi tulivyoogopa midomo ya watu. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika.

"Kwa hiyo shida si tope," akasema. "Shida ni kwamba ng'ombe wangu ameshuka."

"Ndiyo, Mzee."

"Na nikimpandisha tena, umeondoka na zawadi."

"Ndiyo."

Hapo baba yangu mdogo alisogea mbele na kusema maneno ambayo bado namshukuru kwayo. "Bwana mkubwa, ulikataza kuvutwa. Mzigo si kuvuta. Mtu akipanda gari, ni abiria. Gari likiwa na abiria, linakwenda lenyewe."

Mzee alilizungusha jambo hilo kichwani. "Abiria sawa," akasema hatimaye. "Lakini asisukume mtu."

Wake wa jirani waliokuja kupika walipanda, wanne, wakicheka na kushikana leso. Niliwasha, nyuma ilishuka kidogo, tairi zikashika, zikaachia. Kasoro ilikuwa ndogo. Wote walijua aliyebaki ni nani, na hakuna aliyetaka kumtaja. Kisha ile sauti nzito ikatoka jikoni.

"Mwambieni Orwa asitazame nyuma."

Mama mkwe wangu alikuwa mwanamke mkubwa kuliko wote wa boma lile. Hilo nilijua kwa kusikia tu, jinsi kigoda kilivyolia alipokaa. Baba yangu mdogo alifanya kazi upesi. Alikigeuza kioo cha ndani kikatazama dari. Cha upande wangu akakifunika kwa kofia yake, cha upande wake kwa leso ya mfukoni. Nikakaza macho kwenye boneti.

"Nikae wapi?" nikasikia.

Sikuwa na ruhusa ya kumjibu. Nikamnong'oneza baba yangu mdogo, naye akapaza sauti: "Juu ya difu kabisa, Mama! Katikati, nyuma ya wengine!"

Pikapu ilishuka. Niliisikia ikikaa, vyuma vya lori vikiguna taratibu, kama vilivyoguna ng'ombe alipopanda asubuhi. Nikaachia klachi polepole. Tairi zikauma, na dimbwi la langoni likabaki nyuma.

Sikuthubutu kusimama tena. Ningesimama tungezama, kwa hiyo niliendesha moja kwa moja mpaka barabara ngumu, mwendo wa kilomita tatu, huku wanawake wakiimba nyuma na kupiga mabati ya kando, na tope likirushwa pande zote. Mara moja tuliteleza upande, wakapiga kelele, na ile sauti ikasema, "Kaeni chini, nyinyi! Mkiinuka ninyi linainuka nalo!" Alikuwa ameelewa gari kuliko mimi.

Barabarani walishuka. Nilibaki nimetazama mbele, shingo imekakamaa. Nilisikia miguu ikigusa chini, kisha mama mkwe akimwambia baba yangu mdogo, polepole, ili nami nisikie: "Hii gari si mbaya. Inataka tu watu. Nitamwambia baba wa binti nimeshapanda gari la mkwe. Siwezi kulipanda la mtu mwingine tena."

Walirudi kwa miguu wakiimba, na wimbo ulipopotea kabisa ndipo nilipowasha. Tulikwenda moja kwa moja mpaka Ahero. Pale, chini ya taa ya duka, baba yangu mdogo aliondoa kofia yake kwenye kioo, nami nikakishusha cha ndani mahali pake. Nyuma, juu ya difu kabisa, pale alipokuwa amekaa mama mkwe, palikuwa na jogoo mweupe amefungwa miguu, ametulia, akitutazama.

"Eh," akasema baba yangu mdogo. "Kumbe tumerudi na mzigo."