Mume wa Mama Kwenye Filamu

Wageni walipokuja kijijini kwetu Masama kupiga filamu ya mapenzi, walimtaka mama yangu awe mke wa mtu. Mama alikuwa mjane kwa miaka tisa, mwanakwaya wa Kilutheri, na kwa muda mrefu hakuna aliyemwomba jambo la namna hiyo. Akaniuliza kama kuna kupika. Nikamwambia hakuna. Akakubali.

Mimi waliniajiri niwe mkalimani, maana nilikuwa nikiuza dawa Bomang'ombe na Kiingereza changu kilitosha. Hadithi yenyewe ilimhusu mwanamke wa Ulaya wa miaka hamsini na kitu, aliyekuja likizo ya kiangazi akampenda kijana anayepandisha watalii mlimani. Mama angekuwa mama wa kijana, mwenye kuchukia mapenzi hayo. Mwongozaji alisema uso wake hauhitaji kufundishwa.

Kiangazi chao ni Julai. Kwetu Julai ni ukungu na manyunyu mpaka saa sita mchana. Mwigizaji mkuu alivaa gauni la mikono mifupi akawa anatetemeka kwenye migomba. Tuliombwa sote tuvue masweta. Mama alikataa, na filamu ikaendelea na sweta lake.

Mume aliyepewa alikuwa mzee Mkatoliki kutoka ng'ambo ya korongo, mkulima wa kahawa aliyefiwa na mkewe. Kwa miaka thelathini walikuwa wakisalimiana sokoni, basi. Waliketishwa kwenye benchi, mwongozaji akawataka waonekane wameoana miaka arobaini.

"Arobaini ya furaha au ya kawaida?" mama akauliza.

Nikatafsiri. Mwongozaji akafikiri, akasema ya kawaida. Mama akasogea pembeni kidogo. Mwongozaji akafurahi sana.

Kisha ikaja sentensi yake. Alitakiwa amwambie kijana, mgeni akiwa amesimama pale pale, kwamba mwanamke huyo ana umri wa mama yake. Mama alikataa kuisema kabla mgeni hajapewa chai. Chai ikaongezwa kwenye tukio, kwa mgeni na kwa mzee pia. Walirudia mara kumi na moja, na mzee akamaliza vikombe vyote kumi na kimoja, maana hakuona adabu kuacha chai kwa mtu. Kati ya kurudia na kurudia walikuwa wakizungumza, yeye na mama. Sikutafsiri hayo, kwa hiyo sikuyasikiliza vizuri.

Wiki moja baada ya wageni kuondoka, mzee alifika nyumbani na mkungu wa ndizi za kupikia mtori.

"Nimekuja kumsalimia mke wangu," aliniambia, bila kucheka.

"Mwambie apite," mama akasema kutoka jikoni.

Akaanza kuja kila Alhamisi. Kaka yangu mdogo, kitinda mimba na mrithi wa kihamba chetu, yaani shamba la ukoo, hakupenda.

"Mama, una miaka sitini na tatu. Na yule ni Mkatoliki."

"Najua. Nilimwuliza."

Wazee wa kanisa nao wakaja. Mama aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akawakumbusha kwamba alipokuwa mke wa mtu huyo mbele ya taa na kamera, wao walileta viti vyao wakatazama, na mmoja wao alipita nyuma akiwa amebeba ndizi. Aliyebeba ndizi alisema wataliombea jambo hilo.

Filamu ilitoka mwaka uliofuata. Tuliitazama kwenye kompyuta yangu, mzee akiwa amevaa koti lake la kwendea misa. Mama alionekana kwa muda wa kupiga chafya mbili. Sentensi yake ilikuwa imekatwa. Mwishoni mwanamke yule alirudi kwao, akilia uwanja wa ndege.

"Kwa nini anaondoka?" mzee akauliza.

"Likizo imeisha, baba," nikamwambia.

Akasema ile si sababu.

Mwezi ule ule mama alifanyiwa upasuaji wa jicho mjini Moshi. Kaka alipofika wodini alimkuta mzee kwenye benchi la korido, na chupa ya uji mapajani. Alikuwa pale tangu juzi. Muuguzi alikuwa akimwuliza yeye ni nani wa mgonjwa, na mzee alikuwa akilifikiria swali hilo kwa makini. Baadaye kaka aliniambia kwamba kilichomlainisha yeye ni vile mzee hakutaka kusema uongo.

"Huyu ni wa kwetu," kaka akamwambia muuguzi, akaketi karibu naye.

Padri na mchungaji hawakuafikiana nani afungishe, kwa hiyo ndoa ilifungwa ya kiserikali, Bomang'ombe. Mimi na kaka tulikuwa mashahidi. Ofisa alimwuliza mama kama amekubali kwa hiari yake, akajibu kwamba amekuja kwa miguu yake kutoka stendi. Tulipotoka ilikuwa siku ya soko, na mama akataka kwanza anunue nyanya. Mzee alimshikia kikapu, mama akazibonyeza moja moja.